Saa Isiyoisikia Sauti ya Kwao



Katika tafakari ya juma hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya swali ambalo kila mmoja wetu huliuliza mara nyingi kwa siku bila kulipa uzito: saa ni ngapi? Anayeulizwa hutazama mkono wake au simu yake, hujibu, na mambo huishia hapo. Lakini ni nani aliyeiambia saa hiyo? Na huyo aliyeiambia, yeye aliambiwa na nani? Tulilazimika kulifuatilia swali hili hadi mwisho wake baada ya mama mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo kutuletea jambo ambalo lilihitaji kusomwa kwanza kabla ya kujibiwa. Ameturuhusu kuyaandika haya, ila jina lake tutalihifadhi.

Kwa wasomaji walio mbali, tuseme kwanza Makutupora yetu ni ipi. Siku hizi jina hili likitajwa, wengi huwaza reli ya SGR, ambayo kipande chake kimoja huitwa cha Morogoro hadi Makutupora. Hiyo ni Makutupora ya Manyoni, mkoani Singida. Yetu ni hii iliyo kaskazini ya jiji la Dodoma, upande wa barabara iendayo Kondoa na Arusha: Makutupora ya visima vinavyolinywesha jiji, ya kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, ya kituo cha utafiti wa kilimo na ya mashamba ya zabibu. Ni nchi kavu, yenye upepo na anga pana, na watu wake tangu kale wamezoea kuitazama mbingu ili wajue wakati.

Mama huyu ana mtoto wa kiume aishiye Ujerumani, katika mji usio mbali na Frankfurt, ambako anafanya kazi ya kuwauguza wazee. Kila Dominika, ikifika saa kumi na moja jioni ya huko, kijana humpigia mama yake ili waonane uso kwa uso katika simu. Mama hana simu ya aina hiyo. Hutumia ya kijana wa jirani, ambaye ni mlinzi wa usiku katika shamba moja la zabibu na ambaye huondoka kwenda zamu saa kumi na mbili na nusu. Katika miezi ya kiangazi cha Ulaya mambo yalikwenda vizuri kabisa. Saa kumi na moja ya Ujerumani ilikuwa saa kumi na mbili jioni ya Makutupora, na mama aliyekuwa ameoga na kujifunga kanga safi alikaa juu ya kigoda uani kwa jirani, akazungumza na mwanawe dakika ishirini, kisha mlinzi akachukua simu na rungu lake akaenda kazini.

Dominika ya mwisho ya Oktoba 2024 simu haikuita. Mama alikaa hadi giza likaingia, akarudi nyumbani. Juma lililofuata ikawa vilevile. Kule Ujerumani kijana alikuwa anapiga kwa wakati uleule aliozoea, simu inalia shambani katikati ya mizabibu, mlinzi anapokea na kusema kwamba mama hayupo. Kijana akadhani mama ni mgonjwa na watu wanamficha. Mama naye akadhani jambo ambalo mzazi yeyote aliye mbali na mwanawe hulidhani usiku, nalo hatuna haja ya kuliandika. Majuma mawili waliishi hivyo, kila mmoja akimhuzunikia mwenzake, na wote wawili walikuwa wamefika mahali pao kwa wakati.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Nchi za Ulaya husogeza saa zao mbele kwa saa moja Dominika ya mwisho ya Machi, na huzirudisha nyuma Dominika ya mwisho ya Oktoba. Sisi wa Afrika Mashariki hatufanyi hivyo. Saa zetu haziguswi mwaka mzima. Kwa hiyo Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja tu wakati wa kiangazi chao, na kwa saa mbili wakati wa baridi yao. Saa kumi na moja jioni ya kijana ilikuwa imehama kutoka saa kumi na mbili jioni ya mama na kuwa saa moja usiku. Na kijana hakulitambua hilo kwa sababu hakugeuza saa yoyote kwa mkono wake. Alilala, akaamka, na simu yake pamoja na saa ya ukutani zilikuwa zimekwisha kujigeuza zenyewe.

Jambo lilipofahamika, kijana alifanya kama watoto wema wafanyavyo: alinunua saa ya ukutani kama ile aliyonayo yeye, akampa mtu aliyekuwa anasafiri kuja nyumbani, na akamwandikia mama kwamba hii ni saa isiyokosea, inayojirekebisha yenyewe kwa redio. Saa ilifika mwanzoni mwa mwaka 2025. Mama akaitia betri. Mishale ikakimbia yenyewe kwa kasi, ikazunguka, ikafika saa sita kamili, ikasimama. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Baada ya dakika kadhaa ikaanza kutembea taratibu kuanzia hapo kwenye saa sita, kana kwamba ndio ukweli. Mama akatoa betri, akairudisha. Mishale ikakimbia tena hadi saa sita, ikasimama tena. Alifanya hivyo juma zima. Kisha akaifunga ndani ya kitenge, akatuletea, akaiweka juu ya meza yetu na kuuliza: "Baba, hii saa inatafuta nini?"

Tuliona kwamba ni swali zuri kuliko maswali mengi tunayoulizwa, tukaona hatuna budi kulitafutia jibu la kweli.

Saa ya namna hii, ndugu wapendwa, ni saa ya kawaida ya kwatzi iliyowekewa redio ndogo ndani yake. Kwatzi ni fuwele ambayo ikipitishiwa umeme wa betri hutetema kwa mpigo wa kudumu, na saa huhesabu mitetemo hiyo. Ni kazi nzuri, lakini haikamiliki. Saa ya kawaida ya kwatzi huweza kukosea sekunde kumi na tano au ishirini kwa mwezi. Ndiyo maana ikapewa na sikio. Ukiifungua utaona kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hiyo ndiyo antena yake. Haipokei taarifa za habari wala muziki. Inasikiliza sauti moja tu.

Kwa saa zinazouzwa Ujerumani, sauti hiyo hutoka Mainflingen, mahali palipo kama kilomita 25 kusini mashariki ya Frankfurt. Kituo chake huitwa DCF77. Kilianza kazi mwaka 1959, na tangu mwaka 1973 kimekuwa kikitangaza saa na tarehe katika lugha ambayo mashine huielewa. Hutumia mawimbi marefu ya kilohezi 77.5, na wakati kinaoutangaza hutoka kwenye saa za atomu zinazosimamiwa na taasisi ya taifa ya vipimo ya Ujerumani, PTB, yenye makao yake Braunschweig. Tangu mwaka 1967 mataifa yamekubaliana kwamba sekunde moja ni mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya seziamu. Hakuna mtu awezaye kuihesabu mitetemo hiyo, lakini vyombo huihesabu.

Na kituo kinasema nini? Kila sekunde inapoanza, mtambo hupunguza nguvu ya sauti yake kwa kitambo kidogo sana. Upungufu ukidumu sehemu moja ya kumi ya sekunde, maana yake ni sifuri. Ukidumu sehemu mbili za kumi, maana yake ni moja. Kwa sifuri na moja hizo, katika muda wa dakika nzima, kituo hutaja dakika inayokuja, saa, tarehe, siku ya juma, mwezi na mwaka. Sekunde ya mwisho ya dakika hupita bila upungufu wowote, na kimya hicho ndicho kinachoiambia saa: jiandae, dakika mpya inaanza. Saa husikiliza dakika moja, mbili, tatu, hulinganisha ilichosikia, na ikiridhika hupeleka mishale mahali pake. Nyingi hufanya hivyo usiku wa manane, kwa kuwa wakati huo mawimbi husafiri vizuri zaidi na kelele za vyombo vya umeme majumbani zimepungua. Ndiyo sababu ndugu zetu walio Ulaya hushauriwa kuiweka saa hiyo karibu na dirisha, mbali na televisheni na jokofu, na mbali na kuta zenye nondo nyingi.

Kuna jambo moja katika lugha hiyo ya Mainflingen lililotugusa. Miongoni mwa alama zake za kila dakika iko moja ambayo karibu mwaka mzima husema sifuri. Huanza kusema moja katika saa ile ya mwisho kabla ya mabadiliko ya Machi na ya Oktoba. Ni onyo: baada ya saa hii, wakati utabadilika. Kila saa ya ukutani iliyo ndani ya eneo hilo huarifiwa mapema, jikoni na sebuleni, watu wakiwa wamelala. Hakukuwa na yeyote wa kumwarifu mama aliyekaa juu ya kigoda Makutupora.

Kwa nini basi saa ya mama haikusikia? Si mbovu. Sauti ya Mainflingen husikika vizuri hadi umbali wa kilomita 2,000 hivi. Kutoka huko hadi Dodoma, kwa mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, ni zaidi ya kilomita 6,500. Viko vituo vingine vya aina hiyo: Anthorn huko Uingereza, Fort Collins katika jimbo la Colorado nchini Marekani, viwili huko Japani, na kimoja Shangqiu nchini China. Hakuna hata kimoja katika bara la Afrika. Saa iliyotiwa betri hapa kwetu hupeleka mishale yake saa sita, husimama na kusikiliza, na isiposikia kitu huanza kutembea kwa kukisia. Tulipomweleza mama haya, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ule mnara uko karibu na anakokaa mwanawe. Tulimwambia kwamba uko karibu sana. Akasema, "Basi yeye anaisikia."

Tusidhani hata hivyo kwamba wale wenye minara wako salama siku zote. Mwezi Machi 2011, baada ya tetemeko na maafa ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, kituo cha Japani kilicho katika mlima Otakadoya kilizimwa kwa zaidi ya mwezi, kwa sababu kilikuwa ndani ya eneo ambalo watu waliamriwa kulihama. Hata sauti isiyotamkwa na mdomo wa mwanadamu hutegemea watu wa kuitunza: fundi anayepanda ngazi, mlinzi wa lango, mtu wa jenereta.

Pengine msomaji atauliza: na sisi tusio na mnara, tumekuwa tukiupataje wakati? Wazee wetu walikuwa na jua na jogoo. Kisha ikaja reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, na pamoja nayo saa ya stesheni. Kwa mara ya kwanza ilimpasa mtu wa uwanda huu kujali dakika, maana treni haikumsubiri. Zikaja kengele za misheni za asubuhi, adhuhuri na jioni, ambazo mkulima alizisikia akiwa shambani bila kuhitaji kumiliki chochote. Kisha ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951; baadaye tukawa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC Taifa. Wengi wetu tulikulia katika nyumba ambamo ngoma ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa ndiyo amri ya kunyamaza. Baba alinyosha mkono, akaitazama saa yake ya kutia ufunguo, akaisogeza mshale kwa ukucha. Wale waliosikiliza London, ambako matangazo ya Kiswahili yalianza mwaka 1957, waliijua ile milio sita ya saa iliyovumbuliwa kwa ajili ya redio mwaka 1924: mitano mifupi na wa sita mrefu, na saa kamili ni pale wa sita unapoanza.

Kwa maana hiyo, wapendwa, kila nyumba yenye redio hapa Makutupora ilikuwa na saa inayojirekebisha kwa mawimbi, miaka mingi kabla ya zawadi hii kutufikia. Tofauti ni kwamba antena yake ilikuwa sikio la baba, na aliyepeleka mishale ni mkono wake. Na alipokwisha kuirekebisha ya kwake, jirani alipita kuuliza, naye akarekebisha ya kwake, na wakati ukasambaa kijijini kutoka mlango hadi mlango.

Leo simu imechukua nafasi hiyo. Hupokea wakati kutoka kwenye mtandao au kutoka kwenye setilaiti za GPS, zilizo juu yetu kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi, kila moja ikiwa na saa za atomu ndani yake. Setilaiti hizo hazibagui. Humwagia Makutupora wakati uleule zinaoimwagia Frankfurt. Lakini tuwatahadharishe wale ambao bado hurekebisha saa kwa mlio wa taarifa ya habari: tangu mitambo ya analojia ya televisheni ilipoanza kuzimwa nchini Desemba 2012, sauti inayopitia kwenye king'amuzi, na vivyo hivyo ile inayopitia kwenye intaneti, huchelewa kwa sekunde kadhaa kabla ya kutufikia. Mwenye redio ya kawaida ya betri atausikia mlio kabla ya mwenye simu ya gharama kubwa.

Tena, hata huo wakati sahihi kabisa si wakati wa jua letu. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, na Dodoma tuko magharibi ya mstari huo kwa zaidi ya nyuzi tisa. Jua huhitaji dakika nne kuvuka kila nyuzi. Kwa sababu hiyo, kwa wastani wa mwaka, jua hufika utosini mwetu yapata dakika 37 baada ya saa kutangaza saa sita mchana. Bibi aliyesimama uani akatazama kivuli chake na kusema kwamba bado si saa sita, wakati simu ya mjukuu inasema imepita, si mjinga. Anaisoma saa nyingine. Wataalamu wenyewe walilazimika tangu mwaka 1972 kuongeza sekunde moja moja, jumla yake 27, ili saa za atomu zisiachane na mzunguko wa dunia. Ya mwisho iliongezwa mwishoni mwa mwaka 2016. Kwetu ilikuwa karibu saa tisa usiku wa kuamkia Mwaka Mpya. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kuuacha utaratibu huo ifikapo mwaka 2035.

Na hapa tunapenda kusema neno juu ya hesabu yetu ya Kiswahili, ambayo wageni huiona ngumu na vijana wengine huanza kuionea haya. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Kwa hiyo tarakimu 12 ya saa ile ya Ujerumani kwetu ni saa sita, na 8 yake ni saa mbili. Ndivyo walivyohesabu pia watu wa nyakati za Injili. Saa tisa ya Ijumaa Kuu ni saa tisa hii hii ambayo tunakusanyika kanisani, jua likiwa limeinama. Na wale vibarua wa mfano wa shamba la mizabibu, katika sura ya 20 ya Injili ya Mathayo, walioitwa alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, katika Makutupora hawahitaji mfasiri. Kila mtu hapa amewahi kusimama kando ya barabara ya mashamba ya zabibu saa kumi na moja akijua kwamba imebaki saa moja tu giza liingie, na kwamba hakuna tena atakayemwita. Mzungu akiisoma habari hiyo inampasa kwanza apige hesabu. Mtoto wetu wa katekisimu anajua mara moja jinsi jua lilivyokuwa.

Turudi kwa mama. Kijana mmoja wa kwaya, mwanafunzi wa chuo, alisikia habari ya saa ile akasema kwamba kuna njia. Zipo programu za simu ambazo huigiza ile lugha ya Mainflingen. Simu hutoa katika spika yake sauti nyembamba mno, ambayo masikio ya watu wazima hayaisikii kwa urahisi, na waya ulio ndani ya spika hutoa pamoja na sauti hiyo mawimbi hafifu sana ya redio. Mawimbi hayo hayafiki mbali. Lakini saa ikilazwa sentimita chache kutoka kwenye spika, sikio lake huyapata na kuyaamini. Akailaza saa juu ya meza yetu, simu kando yake, sauti ikiwa juu kabisa. Tulikaa kimya watu watano tukiitazama saa iliyosimama saa sita. Baada ya dakika zipatazo saba mishale ikaanza kukimbia, ikapita saa saba, ikapita saa nane, ikatulia kwenye saa tisa na robo ya alasiri, nasi tukapiga makofi.

Mama hakupiga makofi. Alisema, "Mwanangu, hiyo ni saa ya hapa. Ya hapa ninaijua. Niwekee ya kwake."

Tulielewa wakati huo kwamba siku zote tulikuwa tumetatua swali ambalo si lake. Wakati wa Makutupora anao: ana jua, ana kengele, ana ngoma ya redio. Alichokosa ni kujua kwamba sasa mwanawe ameamka, sasa yuko kazini na wale wazee wake, sasa analala. Kijana wa kwaya akachagua katika programu wakati wa Ujerumani, akarudia kazi yote tangu mwanzo. Saa hiyo sasa imetundikwa sebuleni kwa mama, nayo haipatani na saa nyingine yoyote hapa kijijini. Wageni humwambia kwamba saa yake iko nyuma. Huwajibu kwamba haiko nyuma, iko mbali.

Likabaki tatizo moja. Kwa kuwa haisikii sauti ya kwao, saa hiyo haiwezi kupata lile onyo la Machi na Oktoba. Itaendelea kwa kwatzi yake, ikipotea sekunde chache kila mwezi, na mara mbili kwa mwaka itapotea saa nzima. Vijana wa kwaya walilizungumza wakakubaliana kwamba Dominika ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, baada ya Misa, wawili wao watakwenda kwa mama na simu yao. Walikwenda tarehe 30 Machi 2025. Walikwenda tena tarehe 26 Oktoba 2025, na safari hiyo mama alikuwa amekwisha kupiga hesabu peke yake. Alikuwa amemtumia mwanawe ujumbe kwamba katika miezi ya baridi apige saa kumi ya kwake, si saa kumi na moja, ili mlinzi asiwe ameondoka. Kijana aliomba kazini dakika ishirini za kila Dominika, akakubaliwa kwa sharti la kuzilipa asubuhi. Jioni ile simu iliita saa kumi na mbili, na mama alikuwa juu ya kigoda chake.

Wapendwa, tungeweza kuishia hapo. Lakini katika parokia yetu hakuna mama mmoja tu mwenye mtoto aliye mbali. Wapo walio na watoto Muscat, ambako saa iko mbele yetu kwa saa moja mwaka mzima. Wapo walio na watoto Uingereza, Italia na Marekani, ambako hugeuzwa. Wapo walio na watoto Dar es Salaam, ambako saa ni moja na yetu na bado simu haiiti. Kwa hao wa mwisho hakuna mnara wala programu. Kwa wale wengine tunaomba kila jumuiya ndogo ndogo, majuma mawili kabla ya Machi kwisha na majuma mawili kabla ya Oktoba kwisha, iulize katika kikao chake: nani kati yetu anasubiri simu kutoka ng'ambo, na je, amearifiwa? Ni kazi ya dakika tano. Makatekista wa vigango wameombwa kulisoma tangazo hilo pamoja na matangazo mengine ya Dominika.

Na ninyi mnaotusoma mkiwa ng'ambo, ambao saa zenu hujigeuza mkiwa usingizini, tunawasihi: asubuhi ile mtakapoamka na kukuta saa moja imeongezeka au imepungua, kabla hamjanywa chai, mhesabuni mama pale alipo.